Mikweche Miwili, Pikapu Moja

Mzee alifika gereji na magari mawili juu ya lori moja. Ni mkulima wa viazi mviringo kutoka Makete, ambako mvua ikishika, barabara ya shamba inateleza kama sabuni, na gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne hulala njiani na mzigo wake. Gari la kwanza lilikuwa Toyota Hilux LN106 iliyofanya kazi za visima Dodoma kwa miaka mingi. Rangi ilikuwa imeliwa na jua, na silinda hedi ilikuwa imepasuka. La pili lilikuwa Hilux ya kizazi kilichofuata, iliyobeba samaki Tanga. Injini yake iliwaka mara tu tulipozungusha funguo. Lakini nilipoingia chini yake na nyundo ndogo, pigo la tatu lilitoboa chesisi.

"Fundi," mzee akaniambia, "hili limekufa moyo, lile limeoza mifupa. Si unakata mbele ya lile na nyuma ya hili, unachomelea, tunapata moja zima?"

Ombi hilo nimelisikia mara nyingi, na nalielewa. Anayeona nusu mbili nzima hutaka kuziunganisha. Nilimwambia kwamba gari moja zima atalipata, ila kwa njia nyingine. Moto wa kuchomelea unashikanisha vyuma tu. Kinachofanya magari mawili yawe gari moja ni kipimo, na kazi nzima ya wiki saba zilizofuata ilikuwa kupima, kuhesabu na kuchagua. Kukata na kuchomelea kulichukua siku tatu tu. Naeleza hapa jinsi kazi hiyo inavyokwenda, ili mwenye mikweche miwili uani ajue anachotakiwa kumuuliza fundi wake.

Chesisi huchaguliwa, haiungwi

Chesisi ya pikapu ni kama ngazi iliyolazwa: nguzo mbili ndefu za chuma, na vipande vya kukatiza kati yake. Kila kitu kinaning'inia hapo: injini, kabini, bodi la mzigo, springi. Gari likibeba viazi na gurudumu moja likiingia shimoni, ngazi hiyo hupinda na kujisokota, kisha hurudi. Hufanya hivyo maelfu ya mara kwa siku. Mahali panapoumia zaidi ni katikati, nyuma ya mgongo wa kabini, kati ya uzito wa injini na uzito wa mzigo. Na hapo hasa ndipo mtu anayetaka kuunga nusu mbili angekata.

Tatizo si kwamba fundi hawezi kuchomelea vizuri. Chuma kilicho pembeni mwa mchomeleo hupikwa na joto, na tabia yake hubadilika. Mchomeleo wenyewe unaweza kubaki imara, lakini ufa ukaanza sentimita moja kando yake, taratibu, chini ya rangi, bila mtu kuuona. Ndiyo maana gari la namna hiyo hutembea vizuri mwaka mzima, kisha likakatika siku moja kwenye mteremko likiwa limejaa watu na mizigo.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kuchagua chesisi moja, nzima, itakayobaki na namba yake. Gari la Tanga lilijiondoa lenyewe. Barafu ya samaki ilikuwa ikiyeyuka kila siku, na maji ya chumvi yakaingia ndani ya nguzo za chesisi kupitia matundu yake. Chumvi huyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi zaidi, na kutu si kitu kingine ila kazi ya umeme mdogo kati ya chuma, maji na hewa. Kibaya zaidi, kutu hiyo hula kutoka ndani. Ukitazama nje utaona rangi nzuri. Nyundo ndiyo inayosema kweli: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya kopo lenye mchanga. Gonga zaidi karibu na mabraketi ya springi za nyuma, kwa maana tope hukaa hapo muda mrefu.

Gari la Dodoma lilikuwa limechakaa kila mahali palipoonekana, lakini chesisi yake ililia vizuri kutoka mbele hadi nyuma. Hewa kavu ilikuwa imeitunza. Tukaiweka juu ya stendi nne, tukaisawazisha, tukashusha timazi kutoka kwenye matundu ya kiwandani, upande wa kulia na wa kushoto, na kutia alama za chaki sakafuni. Kisha, kwa futi kamba, tukapima ulalo: kutoka kona ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, na kinyume chake. Chesisi iliyonyooka hutoa vipimo viwili vinavyolingana. Mimi tofauti ikizidi milimita 5 husimamisha kazi, kwa sababu gari la namna hiyo litatembea upande kama kaa na kumaliza tairi hata ungefanya nini kwenye usukani. Hii ilitofautiana kwa milimita 2. Tukaendelea.

Mguu wa mbele

Hilux hizi mbili zinafanana kwa jina, lakini mbele ni viumbe tofauti. LN106, iliyotengenezwa kuanzia 1988 hadi 1997, ina ekseli nzima mbele: bomba moja la chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu, difu likiwa ndani yake, na vyote vimekaa juu ya springi za pleti. Gurudumu moja likipanda jiwe, lingine hulemea upande wa pili. Ile ya Tanga ilikuwa toleo ambalo kila gurudumu la mbele hucheza peke yake. Difu limefungwa kwenye chesisi, na shafti fupi zenye viungo ndizo zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu.

La pili ni laini zaidi barabarani. La kwanza ni rahisi zaidi kutengeneza porini, maana viungo vyake ni vichache, na pleti ikikatika, fundi wa kijijini anaweza kuibadilisha. Cha muhimu kwa mjenzi ni kwamba mabraketi ya chesisi moja hayapokei mguu wa nyingine. Ukilazimisha, utahamisha pembe zote zinazoamua kama usukani utarudi wenyewe baada ya kona. Tukaacha mguu wa mbele wa Dodoma kwenye chesisi yake, tukabadilisha beringi, sili na pini za egemeo, basi.

Hesabu ya difu

Hapa ndipo pikapu nyingi zilizounganishwa hufa, na wenyewe hawajui kilichoziua.

Gia za difu la nyuma la Dodoma zilikuwa zimekwisha, zikilia kama mluzi. Difu la Tanga lilikuwa zima, na lilikuwa na umbo lilelile la kuingia kwenye ekseli. Kijana wangu mmoja akalinyanyua tayari kulifunga. Nikamwambia ahesabu kwanza.

Difu hupunguza mizunguko. Gia ndogo ikiwa na meno 9 na kubwa meno 41, propela, shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu, huzunguka mara 4.56 ili gurudumu lizunguke mara moja. Ndogo ikiwa na meno 10 na kubwa 41, propela huzunguka mara 4.10. Si lazima kufungua kitu. Inua ekseli kwa jeki, weka gia huru, chora alama ya chaki kwenye propela na nyingine kwenye tairi. Zuia gurudumu la upande mmoja lisizunguke, kisha zungusha la upande wa pili mara mbili kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Akipata nne na kidogo, ni 4.10. Akipata nne na nusu na ushee, ni 4.56. Kwa nini mara mbili? Kwa sababu gurudumu moja likiwa limesimama, difu hugawa mwendo, na mzunguko mmoja wa gurudumu huitaka propela nusu tu ya hesabu.

Mbele tukapata 4.56. Difu la Tanga likatoa 4.10.

Tofauti hiyo ya chini ya nusu mzunguko inaonekana ndogo, basi tuipeleke barabarani. Gurudumu la kadiri ya Hilux husafiri mita 2.3 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo kwenye kilomita moja huzunguka mara 435 hivi. Propela ya mbele ingetaka kuzunguka karibu mara 1,980, na ya nyuma karibu mara 1,780. Mzee akishafunga magurudumu manne, transfa, sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma, huzishika propela zote mbili kwa pamoja na kuzilazimisha kwenda sawa. Mizunguko 200 ya kila kilomita haina pa kwenda. Kwenye tope, tairi zitateleza na kuimeza. Kwenye ardhi ngumu haziwezi kuteleza, basi propela hujisokota kama nguo inayokamuliwa, hadi kitu kimoja kikubali kuvunjika: krosi (kiungo cha ncha ya propela), shafti, au meno ya transfa. Na dereva ataapa kwamba alikuwa akienda polepole.

Hatukulifunga difu la Tanga. Tulizunguka maduka ya spea za mtumba, Ilala na kwingineko, mpaka tukapata gia za meno 41 kwa 9, tukazifunga, tukahesabu tena mbele na nyuma kabla ya kumwaga oili. Hesabu hiyohiyo ndiyo inayodai tairi nne za saizi moja. Ukiweka tairi kubwa nyuma na ndogo mbele kwa sababu ndizo ulizozipata, umetengeneza tofauti ileile kwa njia nyingine.

Mzee akauliza kama basi, hesabu zikishalingana, anaweza kuacha magurudumu manne yakivuta muda wote. Hapana. Kwenye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na transfa ya gari hili haina difu la katikati la kumeza tofauti hiyo. Kwenye lami, magurudumu mawili. Kwenye tope, mchanga na utelezi, manne. Kwenye mlima mkali wenye mzigo, gia ya chini, ambayo kwa Hilux hii huongeza nguvu ya kuvuta mara 2.28 na kupunguza mwendo kwa kiasi hichohicho.

Kuhamisha moyo

Injini ya Dodoma ilikuwa 3L, dizeli ya silinda nne ya sentimita za ujazo 2,779. Ya Tanga ilikuwa 5L, ya 2,986. Injini hizi ni ndugu wa tumbo moja. Pistoni zote husafiri milimita 96 kwenda juu na kushuka. Tofauti ni upana wa tundu la silinda: milimita 96 kwa 3L, milimita 99.5 kwa 5L. Kwa kuwa ni ndugu, kifuniko cha klachi cha giaboksi ya 3L hupokea mgongo wa 5L, na giaboksi pamoja na transfa ya Dodoma zikabaki mahali pake.

Undugu, hata hivyo, haumaanishi usawa. Bakuli la oili lililo chini ya injini, sampu, hufinyangwa kulingana na kilicho chini yake. Kwenye gari la Dodoma, ekseli ya mbele hupanda na kushuka chini ya injini kila gari linapopita shimo. Sampu isiyoachia nafasi hiyo itagongwa na difu siku ya kwanza, na injini itapoteza oili yote porini. Kwa hiyo sampu ya 3L, pamoja na bomba la kufyonzea oili linaloendana nayo, ilihamia kwenye 5L. Jambo hilohilo huwapata wanaonunua 5L iliyotoka kwenye Hiace: injini ni nzuri, lakini sampu na mikono ya kuishikilia ni vya Hiace, na lazima vibadilishwe. Kabla ya kufunga moja kwa moja, tulibana springi za mbele kwa mnyororo mpaka zikagota kwenye raba zake, tukapima nafasi iliyobaki kati ya difu na sampu kila upande.

Injini hizi zina pampu ya dizeli isiyotegemea kompyuta. Zinahitaji waya wa vali ya kuzimia, waya za plagi za kuwashia moto wa asubuhi, na waya za vipimo vya joto na oili. Ndiyo sababu magari ya kizazi hiki huoana kirahisi. Dizeli za baadaye, zinazoongozwa na kompyuta, hutaka uhamishe pia ubongo wake, mtandao wake wa waya na kifaa kinachotambua funguo. Ukikosa kimoja, injini nzima haiwaki.

Jambo moja nalisisitiza kwa kila mwenye injini za ukoo huu. Silinda hedi ya Dodoma haikupasuka kwa uzee. Ilipasuka kwa joto. Gari lilijazwa maji matupu ya kisima kwa miaka, chumvi za maji hayo zikaganda ndani ya rejeta, na njia zikaziba. Hedi za ukoo wa L hazisamehe joto. Tulifunga rejeta mpya, kipoozi sahihi chenye dawa ya kuzuia kutu, na thamostati, ambayo mafundi wengi huitupa wakidhani inazuia maji. Kisha tukabadilisha mkanda wa taiming kabla ya injini kuingia, kwa sababu hatukujua umetembea kilomita ngapi, na ukikatika vali hugongana na pistoni.

Propela, breki na usukani

Gari likienda kilomita 80 kwa saa, propela yake huzunguka karibu mara 2,600 kwa dakika. Kwa mwendo huo kosa la milimita moja husikika hadi kwenye meno ya dereva. Krosi inayofanya kazi kwa pembe haizungushi sawasawa: huharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ya upande wa pili hufuta kosa hilo, kwa masharti mawili. Pembe za ncha mbili zilingane, na panda za ncha mbili za propela zielekee upande mmoja. Fundi akiichomoa propela kwenye meno yake na kuirudisha akiwa ameruka jino, gari litatetemeka na watu watalaumu tairi. Tia alama ya rangi kabla ya kuchomoa.

Tuliinua gari kidogo kwa springi za pleti zenye nguvu zaidi, kwa ajili ya viazi. Hapo kuna mtego. Juu ya ekseli ya nyuma pana vali yenye mkono, inayopima umbali kati ya ekseli na chesisi. Mzigo ukikandamiza springi, vali hutambua gari ni zito na kupeleka nguvu zaidi ya breki nyuma. Ukiinua gari na kuiacha vali ilivyo, itaamini gari ni tupu siku zote, na breki za nyuma zitakuwa dhaifu hata gari likiwa limejaa. Mwenye gari atanunua breki mpya asipone. Dawa yake ni kuinua braketi ya mkono huo kwa kiasi kilekile springi zilichoinua gari.

Kuhusu usukani sina maneno mengi. Fimbo za usukani hazichomelewi, hazirefushwi kwa bomba, hazinyooshwi kwa moto. Ikipinda, hununuliwa nyingine. Nimekataa wateja kwa sababu hiyo na nitaendelea kuwakataa.

Kabini ilitoka Tanga, kwa kuwa haikuwa imeoza kama chesisi. Hapo ndipo zile siku tatu za moto zilipokwenda, maana mabraketi yake hayakulingana na ya Dodoma. Tulitengeneza mabraketi mapya ya chuma cha milimita 6, tukayachomelea ubavuni mwa nguzo, wala si juu au chini yake, maana kingo za juu na chini ndizo zinazobeba mvuto mkubwa. Elektrodi zilikuwa za 7018, zilizotunzwa kavu, kwa sababu unyevu kwenye elektrodi huacha gesi ndani ya mchomeleo na gesi huzaa ufa. Kabla ya kuwasha mashine, waya za betri hutolewa.

Kadi ya gari

Kadi ya gari inayotolewa na TRA hubeba namba ya chesisi na namba ya injini. Chesisi ya Dodoma ilibaki na namba yake, iliyochongwa kwenye nguzo ya kulia karibu na gurudumu la mbele. Injini ilibadilika, kwa hiyo mzee alipeleka taarifa, na gari likakaguliwa kabla ya kurudi barabarani. Chesisi ya Tanga ilikatwa vipande na kuuzwa kama chuma chakavu, na usajili wake ukafungwa. Namba ya chesisi haikatwi ikapandikizwa kwenye gari lingine. Hilo ni kosa la jinai, na pia humwibia atakayenunua gari siku za mbele haki ya kujua anachonunua. Kenya nako kitabu cha gari cha NTSA hutaka habari hizo zilingane na chuma kilicho barabarani. Weka risiti na kadi za magari yote mawili kuanzia siku ya kwanza, kwa sababu mwisho wa kazi utazihitaji.

Kilomita 500

Siku ya kukabidhi, nilimpa mzee funguo na sharti moja: arudi baada ya kilomita 500, hata kama gari halina tatizo. Makete si karibu, na alilalamika. Lakini springi mpya hukaa, raba hukandamizika, rangi iliyo chini ya nati husagika, na kila bolti iliyokazwa gereji hulegea kidogo inapokutana na barabara.

Alirudi. Pikapu ilikuwa na tope jekundu hadi kwenye vioo, na bodi lilikuwa na harufu ya viazi. Alisema haikumlaza njiani hata siku moja. Niliingia chini na spana, nikaanza na bolti za U zinazoshika ekseli kwenye springi. Nati ya kwanza ilizunguka robo kabla haijakaza. Nikamwita mzee aje kuona, nikampa spana ili za upande wa pili azikaze mwenyewe. Alizikaza zote nne, kisha akaomba chaki na kuziwekea alama, ili safari ijayo azikague mwenyewe kule kwao.